Muuguzi na Umbali: Namna ya Kumfikishia Huduma Mgonjwa wa Kijijini

Watu wengi wanapozungumzia shida ya matibabu vijijini hufikiri kwanza juu ya majengo: zahanati hazitoshi, basi ziongezwe. Fikira hiyo ni sahihi, lakini haijakamilika. Mgonjwa mmoja aweza kuishi kilomita 3 kutoka zahanati na asifike kabisa. Mwingine akaishi kilomita 15 na akafika mapema, akatibiwa, akapona. Kuna nini, basi, kati ya mgonjwa na mlango wa zahanati? Na ni nani awezaye kukiondoa?

Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba umbali ni jambo linaloweza kupimwa na kuchambuliwa kama mambo mengine ya kisayansi. Kwamba una sehemu kadhaa, na kilomita ni sehemu moja tu. Na kwamba muuguzi mwenye maarifa na vifaa vichache aweza kufupisha sehemu kubwa ya umbali huo bila jengo kusogezwa hata hatua moja. Mifano yetu mingi itatoka Tanzania, ambako watu walio wengi bado huishi vijijini.

Mahudhurio hupungua vipi kadiri umbali unavyoongezeka

Mwaka 1966 kilichapishwa kitabu juu ya utabibu katika nchi zinazoendelea, kilichohaririwa na Daktari Maurice King kufuatia mkutano uliofanyika Makerere, Uganda. Miongoni mwa mambo yaliyoelezwa humo ni uchunguzi wa mahudhurio ya wagonjwa wa nje katika hospitali ya Mityana, nchini humo humo. Ilionekana kwamba kwa kila maili 2 zaidi (yaani kilomita 3.2) ambazo watu walikaa mbali na hospitali, wastani wa mahudhurio yao kwa mwaka ulipungua kwa nusu.

Mwanafunzi wa fizikia ataitambua kanuni hii mara moja, kwa kuwa inafanana na ile ya nusu-uhai wa vitu vyenye mnururisho. Tuchukue mfano. Ikiwa watu wa karibu kabisa na hospitali huhudhuria mara 100, idadi ile ile ya watu wanaokaa kilomita 3.2 kutoka hapo watahudhuria mara 50. Wa kilomita 6.4 mara 25; wa kilomita 9.6 mara 12 au 13. Na wa kilomita 12.8 mara 6 tu. Hakuna sababu ya kudhani kwamba watu wa kilomita 12.8 huugua mara chache zaidi kuliko jirani zao wa karibu na hospitali. Wanaugua vile vile, bali wanaugulia nyumbani.

Namba hizi za Mityana si sheria ya maumbile isiyobadilika. Barabara ikitengenezwa, au pikipiki zikiwa nyingi, umbali unaopunguza mahudhurio kwa nusu huongezeka. Mto ukifurika, hupungua. Lakini umbo la mchoro wake limeonekana mahali pengi duniani, nalo linatufunza jambo moja kubwa: mfanyakazi wa afya anayengoja wagonjwa mlangoni huona sehemu ndogo tu ya ugonjwa uliomo katika eneo lake.

Kwa nini majengo peke yake hayatoshi

Tanzania ilianza mapema kuielekeza huduma ya afya vijijini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mkazo ulihamishwa kutoka hospitali kubwa za mijini kwenda kwenye zahanati na vituo vya afya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujifunza, ilishirikisha watu wapatao milioni 2. Mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata wa mwaka 1978, uliotangaza huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya kuwafikia watu wote, ulikuta kazi hiyo imekwisha anza nchini. Baadaye, Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 uliweka lengo la kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kuwa na kituo cha afya.

Jitihada hizo zimeokoa maisha mengi, na hazina budi kuendelezwa. Hata hivyo zina mpaka wake wa kihesabu. Eneo la duara ni π mara kipeo cha pili cha nusu kipenyo. Zahanati inayohudumia watu wote waliomo katika kilomita 10 ina eneo la kilomita za mraba 314. Tukitaka asiwepo mtu wa kutembea zaidi ya kilomita 5, kila zahanati itahudumia kilomita za mraba 78.5 tu. Kwa maneno mengine, ili kuupunguza umbali kwa nusu tunahitaji zahanati mara 4. Na ili kuupunguza hadi robo tunahitaji zahanati mara 16, pamoja na waganga, wauguzi, dawa na nyumba za watumishi mara 16. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba, sambamba na kujenga, hatuna budi kutafuta njia nyingine za kuufupisha umbali.

Saa 2, siku 2, siku 6

Kabla ya kuzitazama njia hizo, yatupasa kujua kwamba magonjwa hayalingani katika kumngoja mgonjwa. Mfano ulio wazi ni ule wa hatari za uzazi. Wataalamu wamekadiria kwamba mama anayetokwa damu nyingi baada ya kuzaa, asipotibiwa, aweza kufa katika muda wa saa 2 hivi. Mama mwenye uchungu pingamizi, ambaye mtoto hawezi kupita, aweza kuishi kwa muda wa siku 2 hivi. Mwenye maambukizo ya baada ya kuzaa aweza kustahimili siku 6 hivi.

Sasa tuzipime saa hizo kwa mwendo wa miguu. Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita 5 kwa saa. Mgonjwa anayebebwa kwa machela na watu wanaopokezana, katika njia ya milima au matope, huenda kilomita 3 kwa saa, na pengine pungufu. Aliye kilomita 12 kutoka zahanati atafika baada ya saa 4. Kwa mwenye uchungu pingamizi, saa 4 ni mwendo mrefu lakini unavumilika. Kwa anayetokwa damu, ni mara mbili ya muda alionao. Kwa hiyo swali la muuguzi haliwi tu, "Mgonjwa yuko umbali gani?" bali pia, "Ugonjwa huu utampa muda gani?"

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walitoa uchambuzi ambao tangu hapo umetumika sana katika masomo ya afya ya uzazi. Walieleza kwamba muda unaopotea kati ya kuanza kwa hatari na kupata matibabu umegawanyika katika ucheleweshaji wa aina 3: kwanza, kuchelewa kukata shauri la kutafuta matibabu, pili, kuchelewa kufika, tatu, kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ingawa uchambuzi huo ulihusu uzazi, unafaa pia kwa mtoto mwenye malaria kali, au mzee mwenye shinikizo la damu. Tutaufuata katika sehemu zinazofuata.

Ucheleweshaji wa kwanza: kukata shauri

Safari ya kwenda zahanati huanzia katika mazungumzo ya nyumbani. Mara nyingi anayeugua si yeye anayeamua. Mume ndiye mwenye fedha ya nauli. Mama mkwe ndiye mwenye uzoefu wa uzazi. Shamba lina kazi isiyongoja. Na watoto wadogo hawana wa kubaki nao. Muuguzi anayemwambia mama mjamzito peke yake, "Ukiona damu, njoo upesi," amemwagiza jambo jema mtu asiye na mamlaka ya kulitekeleza.

Muuguzi mwenye busara hutengeneza pamoja na jamaa mpango wa kujifungua, miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Mpango huo hujibu maswali machache tu: Mama atajifungulia wapi? Nani atamsindikiza? Chombo gani kitamchukua, usiku na mchana? Fedha zitatoka wapi? Nani atabaki na watoto? Na mume asipokuwapo, nani ana ruhusa ya kukata shauri? Swali hili la mwisho ni fupi kuliko yote, lakini huokoa saa nyingi. Pamoja na mpango huo, jamaa wote hufunzwa dalili za hatari: kutokwa damu, degedege, maumivu makali ya kichwa pamoja na kuona kiwi, homa kali, na mtoto kuacha kucheza tumboni.

Jambo la pili ni lugha. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtoto anapopatwa na homa na kukakamaa huku macho yakigeuka, watu husema ana degedege. Wengi wamelihusisha degedege na ndege au shetani apitaye usiku, wakaamini kwamba ni maradhi ya mganga wa jadi na kwamba sindano ya hospitali itamuua mtoto. Kwa mtazamo wa sayansi ya tiba, degedege la mtoto mwenye homa laweza kuwa dalili ya malaria kali iliyofika kwenye ubongo, na kila saa inayopita ina thamani.

Muuguzi hapa ana njia mbili. Ya kwanza ni kukemea: "Hizo ni imani za kishenzi, mngemleta mapema!" Maneno hayo hayamponyi mtoto aliyefika, na yatamzuia wa jirani asifike. Njia ya pili ni kuanza na neno lile lile linalojulikana nyumbani: "Shikamoo, bibi. Poleni na safari. Ni kweli, mtoto ana degedege, na degedege hili sisi tunalitibu. Akishikwa tena mtoto mwingine, mleteni hapa kwanza, saa ile ile." Bibi huyo atarudi kijijini na habari mpya: kwamba degedege linatibika hospitali. Muuguzi hakukubaliana na habari ya shetani. Ametumia tu jina ambalo watu hulitambulia ugonjwa. Haya si mambo ya adabu tu, bali ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa sababu yanapunguza muda wa kukata shauri kwa mgonjwa ajaye.

Ucheleweshaji wa pili: safari

Njia ya kwanza ya kuufupisha mwendo ni muuguzi kuondoka zahanati na kwenda kwa watu. Tanzania huduma hiyo huitwa huduma ya mkoba. Faida yake yaweza kuonyeshwa kwa hesabu rahisi. Tuseme kuna kitongoji kilicho kilomita 12 kutoka zahanati, na akina mama 40 wenye watoto wa kuchanjwa. Wakienda wote zahanati na kurudi, kila mmoja atatembea kilomita 24, na jumla yao itakuwa kilomita 960. Muuguzi akienda kwao, jumla ni kilomita 24. Tena tumekwisha kuona kwamba katika kilomita 12 wengi wa akina mama hao wasingekuja kamwe.

Lakini huduma ya mkoba ina masharti ya kisayansi. Chanjo nyingi zinatakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi mkononi mwa mtoto. Zikipata joto huharibika. Na baadhi yake, kama ile ya pepopunda, huharibika pia zikiganda. Muuguzi huzibeba katika kisanduku chenye kuta nene zisizopitisha joto, pamoja na vifuko vya barafu. Juu ya chupa nyingi za chanjo kuna kibandiko chenye duara, na ndani ya duara mraba wa rangi iliyofifia. Joto linavyozidi kuingia kwa saa na siku, mraba huo hukolea rangi. Ukilingana na duara au kulizidi, chanjo haifai tena. Kwa hiyo muuguzi aliye njiani hana haja ya kukisia: chupa yenyewe humsimulia joto lililoipata.

Njia ya pili ni mgonjwa kusogea mapema, kabla ya hatari. Karibu na baadhi ya hospitali zipo nyumba za kungojea uzazi, ambazo pengine huitwa chigonela. Mama aishiye mbali, au ambaye muuguzi ameona kuwa mimba yake ina mashaka, huenda kukaa huko wiki chache kabla ya siku zake. Kwa njia hiyo saa 4 za machela hugeuka kuwa dakika 4 za kutembea. Hata hivyo nyumba hizo hufaa tu ikiwa mama ana chakula, ana usalama, na amepata mtu wa kuangalia nyumba yake. Mambo ambayo huturudisha kwenye ule mpango wa kujifungua.

Njia ya tatu ni chombo cha usafiri kinachopatikana wakati wowote. Mfano mmoja ni mfumo wa m-mama, ulioanzia Shinyanga na Sengerema, na ambao kuanzia mwaka 2022 ulienezwa katika mikoa mingine nchini. Jamaa au mhudumu wa afya hupiga simu ya bure namba 115. Anayepokea huuliza maswali yaliyopangwa ili kupima uzito wa hatari, kisha hutuma gari la wagonjwa. Na gari hilo likiwa mbali, huitwa dereva wa gari la kawaida aliyeandikishwa katika eneo hilo, naye hulipwa baada ya kumfikisha mgonjwa. Uzuri wa mpango huu ni kwamba unatumia magari yaliyoko kijijini tayari. Lakini lazima awepo mtu wa kuifahamisha jamii kwamba namba hiyo ipo na ni bure. Na mara nyingi mtu huyo ni muuguzi wa kliniki.

Njia ya nne ni kumpa mgonjwa muda zaidi kabla hajaondoka. Utafiti uliofanyika Tanzania, Ghana na Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba mtoto mwenye malaria kali asiyeweza kumeza dawa, akiwekewa kidonge cha artesuneti katika njia ya haja kubwa kabla ya safari ndefu, hatari ya kufa au kupata ulemavu wa kudumu hupungua sana. Lakini tahadhari ni muhimu. Dawa hiyo si mwisho wa matibabu: huwapunguza vimelea kwa muda tu, na mtoto aweza kuonekana amepata nafuu. Jamaa wakirudi nyumbani kwa ajili ya nafuu hiyo, hatari hurudi. Muuguzi anayetoa dawa bila kulieleza jambo hili amefanya nusu ya kazi.

Tusisahau gharama. Tangu utaratibu wa kuchangia matibabu ulipoanzishwa mwaka 1993, akina mama wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 wamewekwa katika kundi la wanaosamehewa malipo katika vituo vya serikali. Hata hivyo nauli, chakula cha msindikizaji na siku za kazi zinazopotea hazisamehewi na mtu. Muuguzi hawezi kulipa nauli ya kila mgonjwa, lakini aweza kuipunguza kwa kupanga kazi yake: mama anayeleta mtoto wa chanjo apimwe siku ile ile shinikizo la damu, apewe ushauri wa uzazi wa mpango, na achukue dawa za mgonjwa aliye nyumbani. Safari 3 zikigeuzwa kuwa 1, theluthi mbili za gharama zimeondoka.

Ucheleweshaji wa tatu: mlangoni

Inasikitisha, lakini ni kweli, kwamba mgonjwa aliyezishinda kilomita zote aweza kushindwa katika hatua chache za mwisho. Amefika, lakini muuguzi yuko peke yake, dawa imekwisha, au anapokewa kwa maneno makali. Mama aliyetukanwa akiwa na uchungu hatasahau, na safari ijayo atajifungulia nyumbani hata kama zahanati iko ng'ambo ya barabara. Kwake umbali umerudi kuwa mkubwa, ingawa kilomita hazikubadilika.

Mfano mzuri wa hatua za mwisho ni kutokwa damu baada ya kuzaa. Mtoto akizaliwa, mama hudungwa sindano ya oksitosini, homoni inayofanya mji wa mimba ukaze na kubana mishipa ya damu iliyokuwa imeunganishwa na kondo la nyuma. Dawa hii nayo hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8; zahanati isiyo na jokofu linalofanya kazi yaweza kuwa na oksitosini rafuni lakini isiwe na nguvu ya oksitosini. Ndiyo sababu mahali pasipo na baridi ya kuaminika hutumiwa vidonge vya misoprostoli, visivyohitaji jokofu.

Tatizo lingine ni la kipimo. Damu iliyomwagika juu ya kitanda au kulowa nguoni ni vigumu kuikadiria kwa macho, na aghalabu wakunga hukadiria pungufu. Utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na matokeo yake kutolewa mwaka 2023, ulijaribu njia rahisi: chini ya mama huwekwa shuka la plastiki lenye mfuko uliowekewa alama za mililita, na damu ikifikia kiasi kilichopangwa, matibabu yote huanza mara moja kwa pamoja. Mji wa mimba husuguliwa, hutolewa dawa ya kuukaza na asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, mama huongezewa maji mshipani, na chanzo cha damu hutafutwa. Kutokwa damu kwa kiasi cha hatari, pamoja na upasuaji na vifo vitokanavyo nako, kwa ujumla vilipungua kwa asilimia 60 vikilinganishwa na hospitali zilizoendelea na utaratibu wa zamani. Dawa zenyewe zilikuwa zikijulikana tayari. Kilichobadilika ni kipimo cha wazi, na uamuzi usiongoja.

Ugonjwa wa miezi mingi

Hadi hapa tumezungumzia hatari za saa na siku. Yako magonjwa ambayo kizuizi chake ni kurudia safari mara nyingi. Kifua kikuu ni mojawapo. Bakteria wake huzaliana polepole sana, na baadhi yao hujilaza bila kuzaliana kwa muda mrefu. Dawa huwaua kwa urahisi walio katika kuzaliana, lakini waliolala huhitaji miezi. Mgonjwa akiacha dawa anapojisikia nafuu, waliobaki huamka, na pengine huwa sugu.

Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa Tanzania mwaka 1977, na katika kuujenga alishiriki sana Daktari Karel Styblo. Humo lilijaribiwa na kuimarishwa wazo la tiba ya muda mfupi zaidi, ambapo mgonjwa humeza dawa mbele ya mtu anayeshuhudia, na kila mgonjwa huandikwa katika daftari hadi amalize. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu wa namna hiyo ulimwenguni.

Lakini tukadirie mzigo wake kwa mtu wa kijijini. Mgonjwa aishiye kilomita 7 kutoka zahanati, akitakiwa kufika kila siku katika miezi 2 ya mwanzo, atatembea kilomita 14 mara 60, yaani kilomita 840. Hiyo ni karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma na kurudi, kwa miguu, akiwa na mapafu yenye ugonjwa. Ndiyo sababu Tanzania iliruhusu baadaye mgonjwa achague: ama ashuhudiwe zahanati, ama nyumbani na jamaa au jirani aliyemteua mwenyewe. Muuguzi hapo hapungukiwi na kazi; humfunza msimamizi huyo, hukagua kadi, na humfuata mapema aliyekosa dawa. Vivyo hivyo, wengi wa wagonjwa wa virusi vya UKIMWI ambao hali yao imetulia hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja badala ya kuja kila mwezi.

Mafanikio na mipaka yake

Je, jitihada hizi zimeleta matokeo? Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikadiria kwamba katika Tanzania walikufa akina mama 556 kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katika muda huo huo, waliojifungulia katika vituo vya huduma waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Makadirio ya namna hii hutegemea sampuli, na yasichukuliwe kana kwamba kila kifo kimehesabiwa. Aidha wauguzi si sababu pekee ya badiliko hilo. Lakini ni vigumu kufikiri kwamba lingetokea bila wao. Na kazi haijaisha: katika nchi inayozaa zaidi ya watoto milioni 2 kwa mwaka, vifo 104 kwa kila 100,000 ni zaidi ya akina mama 2,000.

Ni haki pia kusema yale ambayo muuguzi hawezi. Hawezi kujenga daraja. Hawezi kutoa dawa ambayo haikuletwa. Na zahanati yenye muuguzi mmoja ina fumbo lisilo na jibu zuri: akienda na mkoba kitongojini, nani atampokea mama anayefika mlangoni na uchungu? Akibaki, nani atakwenda kitongojini? Anayemtaka muuguzi aufupishe umbali hana budi kumpa mwenzake wa kufanya naye kazi, wahudumu wa afya wa vijijini wa kushirikiana nao, nyumba ya kuishi, na mtu wa kumpigia simu anapokwama. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kuondoa kizuizi cha malipo; vizuizi vingine tulivyovitaja vitaendelea kudai watu.

Kazi ya kufanya shuleni

Walimu wa hisabati, jiografia na biolojia waweza kulitumia somo hili kwa pamoja. Wanafunzi wachore ramani ya kata yao, waweke alama ya zahanati, kisha wachore duara za kilomita 3, 6, 9 na 12 kwa kipimo sahihi. Ndani ya kila duara waandike vitongoji vilivyomo. Halafu wabadilishe kilomita kuwa saa, kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, wakizingatia mito na milima. Wataona kwamba duara zao hazibaki duara: hujikunja mahali penye mto na kurefuka mahali penye barabara. Mwisho, wajadili ni kitongoji gani kimezidi saa 2, na ni njia ipi kati ya zile tulizozieleza ingekifaa.

Ramani hiyo ikikamilika, nakala moja ipelekwe kwa muuguzi wa zahanati. Huenda akaona hapo kitongoji ambacho mgonjwa wake hajawahi kumwona, si kwa sababu hakuna mgonjwa, bali kwa sababu hakuna aliyemfuata.